Milimita saba: namna ya kuchagua vipuri vya kompyuta yako ya kwanza ya gemu na mubashara

Kompyuta ya kwanza niliyoiunga kwa mikono yangu ilikwama kwa milimita saba. Kasha liliandikwa kwamba linapokea kadi ya grafiki yenye urefu wa hadi milimita 330. Kadi yangu ilikuwa na milimita 312. Hesabu hiyo hata mtoto wa shule ya msingi anaiweza, nami niliiweza. Nilichosahau ni kwamba feni mbili za mbele nilizifunga kwa ndani, na feni ya kawaida ina unene wa milimita 25. Toa 25 kwenye 330, zinabaki 305. Nikakaa sakafuni saa sita usiku, bisibisi mdomoni, naisukuma kadi kama msafiri anayelazimisha begi lifunge. Mwishowe niling'oa feni ya chini, na mashine ikafanya kazi miezi minane na feni moja mbele, inakoroma kama mzee baada ya mlo.

Tangu hapo nimewasaidia watu kadhaa kuunga mashine zao, wa mwisho akiwa mdogo wangu. Wengi wao walishanunua vipuri vizuri kabisa, ila kwa mpangilio mbovu. Mtu anaanza na kadi kwa sababu ndiyo inayosifiwa kila mahali, halafu vingine vyote vinanunuliwa kuja kuitumikia. Mimi siku hizi naanzia mwisho: naanza na kioo na waya wa intaneti, kisha narudi nyuma hadi kwenye kasha.

Kioo kwanza

"Utacheza nini, na utatazama kwenye kioo gani?" nilimuuliza mdogo wangu. Akanijibu kwa kutaja jina la kadi. Nikamwambia sijauliza hilo. "Dada nawe!" akacheka, lakini tukakaa tukaandika. Gemu zake zilikuwa tatu: moja ya mpira, moja ya kulengana risasi, moja ya kujenga dunia ya matofali. Kioo chake ni cha 1080p, hezi 144.

Jibu hilo fupi linapunguza orodha ya kadi kuliko makala kumi za kulinganisha. Kioo cha 1080p kina pikseli milioni mbili na ushee. Cha 1440p kinakaribia milioni 3.7. Cha 4K kina milioni 8.3, mara nne kamili ya 1080p. Kadi ndiyo inayozichora zote, tena upya, mara 60 au 144 kwa kila sekunde. Kununua kadi ya 4K kwa ajili ya kioo cha 1080p ni kumwajiri fundi wa maghorofa aje ajenge banda la kuku. Na ukumbuke kwamba mtazamaji wako kwa kawaida atapata 1080p tu. Uzuri wa ziada unauona peke yako.

Jambo dogo ambalo limewaaibisha wengi, mimi nikiwemo: kioo kichomekwe kwenye kadi, si kwenye matundu ya ubao mama, yaani ubao mkubwa unaobeba vipuri vyote. Kisha ingia kwenye mipangilio ya Windows uhakikishe imesoma 144, kwa sababu mara nyingi inaanza na 60 na kukaa hapo kimya.

Halafu waya

Kurusha mubashara kunategemea kasi ya kupakia, na hiyo ndiyo namba ambayo matangazo ya intaneti huiandika kwa herufi ndogo. Ipime saa zile zile utakazokuwa unarusha. Kipimo cha alfajiri hakikuambii lolote kuhusu saa mbili usiku. Twitch, jukwaa la kurushia mubashara, wanapendekeza kilobiti 6000 kwa sekunde kwa video ya 1080p yenye fremu 60, yaani picha 60 kila sekunde. Hiyo ni gigabaiti 2.7 kila saa, ambayo inatoka kwako iwe una watazamaji elfu au ni mama yako peke yake. Acha nafasi: kama unarusha kwa 6000, mstari wako uwe na angalau megabiti 10 za kupakia zisizoyumba. Ukiwa na nne tu, rusha 720p na usione haya, kwani picha ndogo iliyotulia inapendeza kuliko kubwa inayokatika. Na tumia kebo. Wi-Fi inaweza kuwa na kasi kubwa na bado ikapoteza pakiti, vipande vya data, kila mtu anapopita mlangoni.

Sasa tumefika kwenye kitu kinachotofautisha mashine ya kuchezea na mashine ya kurushia.

Enkoda, kipuri kisichoandikwa kwenye boksi

Picha ya gemu ikitoka kwenye kadi ni nzito mno kusafiri ilivyo. Lazima ibanwe, fremu baada ya fremu, wakati gemu lenyewe linaendelea. Kazi hiyo ni ya enkoda. Inaweza kufanywa na prosesa, ubongo wa kompyuta, kupitia programu iitwayo x264, au na kijisehemu maalumu kilichojengwa ndani ya chipu ya kadi. Zamani x264 ndiyo iliyokuwa na picha safi, lakini inakula prosesa, ndiyo maana warushaji wakubwa walikuwa na kompyuta mbili: moja inacheza, nyingine inabana. Kadi za NVIDIA za RTX 20 zilipotoka mwaka 2018, enkoda yake, NVENC, ikawa nzuri kiasi kwamba kwa mtu wa kawaida kompyuta ya pili ikakosa sababu. Kwa kuwa kijisehemu hicho kinajitegemea, gemu linapungua fremu chache tu.

Ndiyo sababu mrushaji hachagui kadi kwa idadi ya fremu peke yake. Chukua AMD RX 6500 XT ya mwaka 2022: kucheza 1080p inacheza, lakini haina enkoda ya video hata moja. Anayetaka kucheza tu hatakosa kitu. Anayetaka kurusha atarudi kwenye x264 na kumtwisha prosesa mzigo wote. Au GTX 1650 ya kwanza ya 2019: ni ya kizazi cha Turing kama ndugu zake wa RTX 20, ila ilipewa enkoda ya kizazi kilichotangulia. Mambo haya huyaoni kwenye boksi. Unayakuta kwenye jedwali la sifa kwenye tovuti ya mtengenezaji, mstari unaohusu video, na ule mstari ndio wa kuusoma.

Kuna pia AV1, mbinu mpya ya kubana inayotoa picha safi zaidi kwa kilobiti zile zile. Kadi za Intel Arc, RTX 40 na RX 7000, na zilizofuata, zinaweza kubana AV1. RTX 30 inaweza kuicheza video ya AV1 lakini haiwezi kuitengeneza, na hapo watu huchanganya. YouTube wanaipokea. Kama intaneti yako ni nyembamba na unarusha huko, AV1 ni sababu nzuri ya kuchagua kadi mpya ya daraja la chini badala ya kubwa ya zamani.

Kwa mdogo wangu, kioo cha 1080p na gemu zile tatu, tulichagua RTX 4060. Ina gigabaiti 8 za kumbukumbu ya video, ambazo kwa 1080p zinamtosha. Angekuwa na kioo cha 1440p ningemsukuma kwenye 12 au 16. Alinuna kidogo, maana alikuwa ameshaota kadi yenye feni tatu na taa.

Kadi za mitumba sizikatai. Yangu ya pili ilikuwa ya mkono wa pili na ikadumu. Lakini uione ikifanya kazi kwenye gemu zito kwa dakika ishirini, uisikilize, uangalie nyuzi joto, kabla hujatoa pesa. Asiyetaka uiwashe anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Prosesa na soketi yake

Ukishakuwa na enkoda kwenye kadi, prosesa ya viini sita inatosha kwa kuanzia. Nane ni starehe. Ryzen 5 7600 ya AMD, kwa mfano, ina viini sita, imekadiriwa wati 65, na ndani ya boksi lake kuna kipozeo. Zile zenye X3D kwenye jina, kama Ryzen 7 7800X3D, zimeongezewa kashe, kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa (hiyo ina megabaiti 96), na zinang'ara kwenye gemu zinazotaka fremu nyingi sana. Kwa mashine ya kwanza naziona kama viatu vya mwanariadha kwa mtu anayeanza kukimbia.

Kwenye Intel, chunguza herufi za mwisho. F maana yake prosesa haina grafiki zake za ndani, na zikikosekana unakosa pia Quick Sync, enkoda ya Intel ambayo ingekuwa akiba nzuri kwa mrushaji. Kwa tofauti ndogo ya bei, mimi huchukua isiyo na F. Siku kadi ikigoma utakuwa na pa kuchomeka kioo ujue tatizo liko wapi.

Soketi, mahali prosesa inapokaa kwenye ubao mama, ndiyo ndoa: prosesa na ubao mama lazima vikubaliane. AM4 ya AMD inatumia RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya aina ya DDR4. AM5, iliyoanza 2022, ni DDR5 tu. LGA1700 ya Intel, ya vizazi vya 12 hadi 14, inakubali zote mbili, lakini ubao mmoja unakubali aina moja. Soma jina lote la ubao, maana tofauti inaweza kuwa herufi moja na tarakimu moja mwishoni. Vijiti vya DDR4 na DDR5 vina pengo mahali tofauti, kwa hiyo haviingiliani. Ukiona unalazimisha, acha.

Ubao wenyewe usikusumbue sana. ATX ni milimita 305 kwa 244, micro-ATX ni mraba wa 244, na kwa wengi huo mdogo unatosha. Ninachotafuta ni nafasi nne za RAM au angalau mbili, nafasi mbili za M.2 za kuchomekea diski za SSD, matundu ya USB ya kutosha nyuma (maiki, kamera, kibodi, kipanya, na daima kuna cha tano), na ule uwezo wa kusasisha BIOS, programu ya msingi ya ubao, kwa fleshi bila prosesa. Huo wa mwisho ni muhimu ubao ukiwa umekaa stoo kabla prosesa yako haijatengenezwa.

RAM yenye usingizi

Kwa gemu peke yake gigabaiti 16 zinapita. Ukiongeza OBS (programu ya kurushia mubashara), kivinjari chenye soga, muziki na kamera, nunua 32. Zinunue kama jozi ndani ya pakiti moja, vijiti viwili vya 16, kwa sababu prosesa huzungumza na vijiti viwili kwa wakati mmoja kupitia njia mbili. Kijiti kimoja cha 32 ni barabara ile ile iliyofungwa upande. Kwenye ubao wa nafasi nne, viweke nafasi ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa.

Halafu kuna aibu yangu nyingine. Nilinunua DDR5 ya 6000, ambayo kwa Ryzen za AM5 ndiyo kasi inayopendekezwa sana, nikaichomeka, nikaridhika. Miezi mitano baadaye nilikuwa nimefungua Task Manager kutafuta jambo jingine kabisa, macho yakatua kwenye ukurasa wa kumbukumbu. Kasi: 4800. RAM huwaka kwa kasi ya msingi hadi uingie BIOS uwashe mpangilio wa kasi uitwao EXPO, au XMP kwenye Intel. Nililipia 6000 na miezi mitano nikatumia 4800 kwa kutobonyeza kitufe kimoja.

Pawasaplai

Hapa ndipo watu hubana pesa, na ndipo mimi huwa mkali. Kipuri hiki ndicho kinachogawa umeme, kimegusana na vingine vyote; kikiharibika vibaya hakifi peke yake.

Hesabu ya wati si ngumu. RTX 4060 imekadiriwa wati 115. Ryzen 5 7600 ikibanwa inafika 88. Ongeza 60 kwa ubao, feni na diski, unapata kama 263. Kadi zina tabia ya kuruka juu ghafla kwa kitambo kidogo, na mwakani utataka kadi kubwa zaidi, kwa hiyo sisi tulichukua ya wati 650. Ingekuwa RTX 4070, yenye wati 200, bado 650 ingeimudu.

Lebo ya 80 Plus, iwe Bronze au Gold, inapima ni kiasi gani cha umeme kinachopotea kuwa joto, basi. Gold ikiwa nusu mzigo inafikia asilimia 90. Haikuambii kama kapasita za ndani ni nzuri au kama kinga zake zinafanya kazi. Ninachofanya ni kusoma uchunguzi wa modeli yenyewe, ule ambao mtu ameifungua na kupiga picha matumbo yake, na kuangalia dhamana: mtengenezaji anayetoa miaka saba au kumi anajua alichoweka ndani.

Na kebo. Zile za pawasaplai inayochomolewa kebo hazibadilishani kati ya modeli na modeli, hata kama plagi inaingia bila kusukuma. Upande wa diski ni uleule, lakini upande wa pawasaplai kila mtengenezaji hupanga nyaya anavyotaka. Nilibadilisha pawasaplai nikaacha kebo za zamani kwa uvivu wa kuzifungua upya. Nilipowasha nikasikia kitu kama ukucha unaovunjika, kisha harufu. SSD ya video za miaka miwili ikawa kipande cha plastiki. Siku hizi kebo za zamani naziweka ndani ya boksi la pawasaplai yake na kufunga kwa gundi.

Vilivyobaki

SSD ya NVMe ya terabaiti moja kwa Windows na gemu. Angalia isije ikawa M.2 ya SATA: umbo ni lile lile, ila SATA inaishia kama megabaiti 550 kwa sekunde wakati NVMe za PCIe 4.0 zinafika karibu 7000. Kwenye gemu hutaona pengo kubwa hivyo, kwa hiyo usiumie kutafuta ile ya haraka kuliko zote. Kama utarekodi kwa ajili ya kuhariri, kwa megabiti 40 kwa sekunde, kila saa inakula gigabaiti 18. Hapo diski ya pili, hata ile ya zamani inayozunguka, inafaa.

Kasha liwe na wavu mbele, si kipande cha kioo kisichopitisha hewa. Pima mara tatu: urefu wa kadi baada ya kutoa unene wa feni, kimo cha kipozeo cha prosesa, na kina cha pawasaplai pamoja na kebo zinazopinda. Niliyajua haya kwa njia mliyoisoma.

Maiki ipate fungu lake kabla ya taa za rangi. Mtu atavumilia kamera yenye ukungu, ila sauti inayokwaruza atafunga. Maiki ya USB ya aina ya dainamiki, ikiwekwa kama ngumi moja kutoka mdomoni, haichukui sana kelele za feni na chumba. Kamera inaweza kusubiri. Simu ya zamani inaweza kushika zamu yake.

Ipime wakati bado unaweza kurudisha

Tulipomaliza, mdogo wangu akabonyeza kitufe. Feni zikazunguka, kioo kikabaki cheusi. Akanitazama kama niliyemuulia mtoto. Nikamshika mkono asizime. Mashine za AM5 zikiwashwa mara ya kwanza hujifunza RAM iliyomo, na zinaweza kukaa hivyo dakika kadhaa. Yangu niliizima mara mbili kwa hofu, na kila mara ikaanza somo upya. Tulikaa tunahesabu kwa sauti. Kwenye mia mbili na kitu, nembo ikatokea.

Kesho yake tukafanya mtihani wa kweli: gemu lake zito, OBS inarusha kwenye chaneli ya majaribio, saa nzima. OBS ina dirisha la takwimu lenye hesabu tatu za fremu zilizopotea, na kila moja inanyooshea kidole kipuri chake. Fremu zilizokosekana kwenye uchoraji: kadi imeelemewa, punguza ubora wa gemu au wekea fremu kikomo, OBS ipate pa kupumulia. Zilizorukwa kwenye kubana: enkoda imezidiwa, na kama ni x264 basi ni prosesa. Zilizodondoka: mtandao, na hapo hakuna kipuri cha kubadilisha ndani ya kasha.

Sifuri. Sifuri. Ya tatu ilisoma 214.

"Kadi imekufa?" akauliza.

Nikafuata kebo ya mtandao kwa kidole hadi nyuma ya meza. Alikuwa hajaichomeka. Mashine ilikuwa kwenye Wi-Fi muda wote.